Picha ya binti yako iko kwa nani? Sheria mpya za mitandao na sisi wa kazi za harusi



Wiki hii lasi na shanga tunaziweka pembeni kidogo. Mabibi harusi wetu mtusamehe, ya mashela tutarudi nayo inshaallah. Tangu Australia ilipoanza kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, tarehe 10 Disemba 2025, kina mama wanaokuja kupimwa hawaachi kutuuliza: na sisi huku tutaletewa lini? Mmoja alisema siku ikija sheria hiyo atatoa sadaka. Mwengine, ambaye binti yake wa miaka 15 anauza mitandio kwa simu na fedha zinaingia nyumbani, alinyamaza kimya mpaka tukamaliza kumpima mikono.

Sisi ni watatu hapa dukani, tunashona na kutarizi tangu tulipomaliza kozi ya ushonaji, na tumelizungumza jambo hili siku nyingi huku cherehani zinakwenda. Hatukubaliani kila kitu. Lakini biashara yetu imesimama juu ya mitandao hiyo hiyo, na watoto wetu wako humo humo, kwa hivyo hatuwezi kulitazama kama khabari ya nchi za watu.

Kwanza tuieleze sheria yenyewe, maana inavyosimuliwa kwenye magrupu sivyo ilivyo. Bunge la Australia liliipitisha mwishoni mwa Novemba 2024, kampuni zikapewa mwaka mmoja wa kujitayarisha. Mtoto hajafika miaka 16, haruhusiwi kuwa na akaunti Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X, YouTube na mengine machache. WhatsApp haimo. Video za YouTube anaweza kuzitazama bila ya kuingia kwa akaunti. Mzazi hata akisema namruhusu mwanangu, ruhusa yake haifai kitu. Na hapa ndipo palipotupendeza sisi: mtoto akikutwa na akaunti hapigwi faini, wala mama yake hapigwi. Anayewajibishwa ni kampuni, na faini inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5. Mwezi Januari 2026 ilitangazwa kwamba akaunti takriban milioni 4.7 zimeshafungwa au kuzuiwa.

Kwa mama wa kwetu aliyezoea kuambiwa "mchunge mwanao" na basi, hii ni khabari kubwa. Ukimpa mtoto simu unaambiwa umemharibu. Ukimnyima unaambiwa umemrudisha nyuma, na kazi za skuli zinatumwa kwenye grupu. Wanaotengeneza programu hizo wana wataalamu wanaolipwa kwa kazi moja tu, kumfanya mtu asiinuke alipokaa. Mama ana macho mawili, na moja liko kwenye chungu. Mashindano gani hayo? Uingereza waliliona kwa uchungu: binti wa miaka 14 wa London alifariki mwaka 2017, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akatamka kuwa aliyoyaona mitandaoni yalichangia kifo chake. Nchi hiyo ikatunga sheria yake mwaka 2023, na tangu Julai 2025 kampuni zinatakiwa kuwakinga watoto na picha za uchi na mambo ya kujidhuru. Hawakuishia kumwambia mzazi awe macho.

Tuseme na hili la miaka 13, kwa sababu wengi wanadhani umri huo umewekwa na madaktari wa watoto. Sivyo. Umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozikataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ya idhini ya mzazi wake. Kampuni zikaona njia nyepesi ni kuandika kwamba chini ya miaka 13 usiingie. Haikupimwa akili ya mtoto wala haya yake. Ilipimwa hatari ya kampuni kushitakiwa.

Na hizo kinga zilizopo zinamfikia mtoto aliyesema kweli tu. Instagram ilianza Septemba 2024 kuwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana, ambazo ni za faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti bila ya mzazi. TikTok tangu Januari 2021 akaunti za walio chini ya miaka 16 ni za faragha, na watoto hao hawawezi kuandikiwa ujumbe wa ndani. Vizuri. Sasa chukua simu ya binti yako uangalie mwaka wa kuzaliwa aliouandika. Wasichana wanaokuja kujifunza kushona kwetu wakati wa likizo tuliwauliza, wakacheka. Karibu wote wamejiongezea miaka, na mmoja, kwa mujibu wa simu yake, ana umri sawa na mama yake mdogo. Kwa mtandao huyo ni mtu mzima na analetewa ya watu wazima, pamoja na wanaume wa kumsalimia saa sita za usiku. Kama leo kuna jambo moja la kufanya bila ya kusubiri sheria ya mtu, ni hilo la kukaa naye na kuurekebisha mwaka.

Lakini yote hayo ni ya mtoto mwenye akaunti. Jambo lililotufanya tuandike ni jengine.

Mwaka jana tulishona magauni ya shughuli moja ya wanawake, usiku kabla ya harusi. Mnajua shughuli zetu: wanaume hawaingii, mabaibui yanavuliwa mlangoni, watu wanasuka nywele, wanajipamba, wanacheza kwa raha zao. Alikuwemo binti wa miaka 14, jamaa wa bibi harusi. Gauni lake tulilishona sisi, rangi ya waridi, mikono mirefu lakini nywele wazi, kwa kuwa mle ndani ni wanawake watupu. Hana simu wala akaunti, mama yake hajamruhusu. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, akamrekodi anacheza na akaiweka video kwenye mtandao kwa nia ya kusifu tu. Magharibi ya siku ya pili wanaume wasiomjua walikuwa wameshaandika chini yake maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Kisha mmoja akaandika jina la skuli yake.

Mama yake alikuja dukani na simu mkononi, hawezi hata kukaa. Tuliiripoti video ile sote, na wasichana wetu wa kazi, na majirani. Jibu likaja kwamba haikuvunja masharti. Mwishowe ikawa kwenda kwa miguu. Alichukuliwa shangazi yake, mmoja wetu akafuatana naye, wakakaa mkekani kwa yule mgeni wakanywa chai, na pale pale ikafutwa. Mgeni mwenyewe alilia, hakuwa na ubaya. Lakini tayari ilikuwa imehifadhiwa na watu na ikazunguka kwenye statasi za wasiojulikana. Binti hakwenda skuli wiki nzima. Gauni tulirudishiwa, limefuliwa na kupigwa pasi, na ujumbe kwamba tumpe mtoto yeyote linayemfaa.

Sasa pimeni wenyewe. Sheria ya Australia ingemsaidia nini mtoto huyu? Hakuwa na akaunti ya kufungiwa. Aliyeposti ana umri wa kutosha mara mbili. Kinga yote imejengwa kwenye mlango wa mtoto kuingia, na yeye hakuingia, aliingizwa.

Wafaransa ndio tunaowaona wamelishika hili. Mwaka 2020 walitunga sheria ya watoto wa chini ya miaka 16 wanaotumiwa kwenye video za kuingiza pesa: ruhusa inahitajika, na sehemu ya pesa inawekwa mpaka mtoto akue. Kisha Februari 2024 wakaja na sheria ya haki ya mtoto juu ya picha yake. Inasema wazazi wote wawili wanailinda picha ya mtoto, wanamshirikisha kwa kadiri ya umri wake, na hakimu anaweza kumzuia mzazi mmoja asiposti bila ya idhini ya mwenzake. Si mgeni peke yake anayetazamwa na sheria hiyo. Na mzazi anatazamwa.

Kuna watakaosema hayo ni ya Wazungu, kuingilia nyumba za watu. Sisi tunaona hayako mbali nasi. Katika Surat An-Nur, hata mtoto ambaye hajabaleghe anafundishwa kubisha hodi kwa nyakati tatu za kupumzika: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Mtoto anafundishwa kwamba mkubwa ana sitara yake. Basi na yeye anayo. Anapovua mtandio kwenye shughuli ya wanawake amewaamini waliomo mle.

Huku kwetu sheria hazikosekani. Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011, inayomhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2015 ilipata tuzo ya dhahabu ya kimataifa ya sera bora za haki za watoto. Tuna haki ya kujivunia. Lakini mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, kwa hivyo mtoto ni wetu na mtandao ni wa Bara na Visiwani kwa pamoja. Wanaoandika mitandaoni wanazikumbuka kanuni za maudhui za mwaka 2018: leseni, na ada zilizozidi shilingi milioni mbili, kwa blogu za watu wanaoandika mapishi. Humo humo mlikuwa na kipengele cha kuwalinda watoto, kikimtaka kila mtumiaji achukue hatua watoto wasifikie maudhui yaliyokatazwa. Angalieni tofauti. Australia inaishika kampuni, huku mkono unaanza kwa mtumiaji, mwenye blogu na mwenye kibanda cha intaneti, ambaye kanuni hizo zilimtaka aweke kamera. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo na ada zikapungua, alhamdulillahi. Lakini mazoea ya kumshika aliye karibu bado tunayo.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na kwa Zanzibar inaingia kwenye mambo ya Muungano. Inazihesabu taarifa za watoto kuwa ni taarifa nyeti, na kuna Tume ya kupeleka malalamiko. Yule mama mwenye video hakuijua. Wateja wetu wengi hawaijui, na wenye biashara za kupamba, kupiga picha na kushona, wanaojaza kurasa zao kwa watoto wa wateja, nao wengi hawaijui.

Tunachokitaka sisi, tukiulizwa, ni hiki: mtoto wa kwetu akiripotiwa kuwa amewekwa mtandaoni bila ya idhini ya mzazi, kampuni iitoe kwanza ndipo ibishane baadaye, na ikichelewa iadhibiwe yenyewe. Hayo mambo ya umri gani wa kufungua akaunti yatafuata. Tusichokitaka ni kufungiwa sote kwa jina la watoto. Intaneti ilipokatika nchini mwishoni mwa Oktoba 2025 tulikuwa na mabibi harusi wawili walio nje ya nchi wanaosubiri kuoneshwa mashela yao, na hatukuwa na njia. Siku zile hakuna mtoto aliyelindwa kwa kukatika kule, na sisi kodi ya duka ilibaki pale pale.

Kuna na ugumu wa kupima umri, ambao kina mama wanaoitamani sheria ya Australia hawaufikirii. Kule mtu anapigwa picha ya uso mashine ikakadiria umri wake, au anaonesha kitambulisho, au kampuni inakisia kwa mwenendo wa akaunti. Sheria yao inakataza kitambulisho cha serikali kiwe njia pekee, na inataka taarifa zilizochukuliwa zifutwe. Huku itakuwaje? Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2019, lakini laini ya mtoto mara nyingi ni ya mama, baba au kaka. Namba inasema mtu mzima, anayeishika ana miaka 12. Na wengi wa miaka 16 karatasi waliyonayo ni cheti cha kuzaliwa, hakina picha.

Wakati tunasubiri wakubwa waamue, dukani kwetu tuna utaratibu, na tangu shughuli ile tumeuandika kwenye daftari la oda. Nguo ya mtoto tunaipiga picha ikiwa imevalishwa sanamu, au imetandazwa juu ya meza. Mama akitaka mwanawe aonekane, tunamwomba atuandikie kwa mkono wake, na tunamwuliza na mtoto mwenyewe, mbali na mama. Mtafurahi kujua wangapi wanasema hapana wakiulizwa peke yao. Jina, skuli na mtaa hatuviandiki kabisa. Mauzo ya nguo za watoto yamepungua kidogo kwa hilo, tusidanganyane, picha ya mtoto mzuri inauza kuliko sanamu.

Na nyinyi mabibi harusi, shughuli ni yenu, mna sauti. Mwambieni somo au msimamizi wenu mapema, simu zikusanywe mlangoni kwenye kapu na namba, kama viatu msikitini. Mpigapicha awe mwanamke, mmoja, na muandikiane naye nini kitatoka na nini hakitatoka. Tumeona shughuli tatu zilizofanya hivyo mwaka huu. Robo saa ya kwanza watu walinung'unika, baadaye walicheza kuliko kawaida.

Umri wa akaunti bado tunabishana. Mmoja wetu anasema 16 kama Australia. Mwengine anasema 18, kwani Sheria ya Watoto ishasema mtoto ni nani. Wa tatu, anayevaa nikabu na ndiye anayeujibu ukurasa wetu kila siku, amesema umri wowote watakaoweka yeye atakubali, lakini uso wake hauoneshi kwenye kamera ya kampuni ili athibitishwe kuwa ana miaka 34. Kitambulisho atatoa. Kisipotosha, ukurasa tuchukue sisi wawili, na yeye atauza kama alivyokuwa akiuza mama yake, nyumba kwa nyumba, na furushi kichwani.